Wimbo wa Kukataa Vita ni wa Aliyebeba Mzigo



Kila mwaka ifikapo tarehe 4 Oktoba, Siku ya Amani, vipaza sauti hufungwa katika viwanja vya miji yetu na nyimbo za amani hupigwa tangu asubuhi. Nyimbo hizo ni nyingi, na baadhi zina ala nzuri. Lakini ukiwauliza watu jioni ni wimbo gani umebaki moyoni, wengi hawataji hata mmoja. Waulize wimbo ambao mama zao waliimba wakitwanga, au ule uliochezwa mwaka watu waliporudi kijijini kutoka ukimbizini, wataanza kuuimba hapo hapo. Jambo hili linatuhusu sisi wa chama cha wafanyakazi, na ndiyo sababu tumeona tulijadili katika kurasa hizi za Kiswahili.

Maoni yetu ni haya. Wimbo wa kukataa vita humgusa mtu pale unapotaja mzigo na kumtaja aliyeubeba. Wimbo unaotaja amani peke yake, bila kusema nani alipoteza nini, hupita sikioni kama upepo. Na kwa kuwa katika kila vita wabeba mizigo ni wavuvi, wakulima, makuli na vibarua, wimbo wa kukataa vita ni mali ya wafanyakazi kabla ya kuwa mali ya mtu mwingine yeyote.

Tuanze mbali kidogo. Vita vya Kwanza vya Dunia vilifika kwetu. Mwezi Aprili 1916 Wareno waliingia Kionga, kipande cha ardhi kusini ya mdomo wa mto Ruvuma ambacho Wajerumani walikishika tangu 1894. Mwezi Novemba 1917 jeshi la Kijerumani la Lettow-Vorbeck lilivuka Ruvuma na kuwashinda Wareno pale Negomano. Waingereza nao wakateremsha askari wao Porto Amélia, ndiyo Pemba ya leo. Majeshi yote matatu yalifanana kwa jambo moja. Hayakuwa na magari ya kutosha, na farasi na punda walikufa kwa mbung'o. Risasi, unga na majeruhi vilibebwa kwa vichwa na mabega ya watu, na watu hao walikusanywa kwa nguvu vijijini. Kule Dar es Salaam jina la Kariakoo limebaki kutukumbusha, maana limetokana na jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi. Wapagazi waliokufa kwa njaa na kuhara walikuwa wengi kuliko askari waliokufa kwa risasi.

Katika miaka ile ngoma ya beni ilisambaa. Ilikuwa imeanza katika miji ya pwani ya Kenya kabla ya vita, nao askari na wapagazi wakaichukua popote walipopita. Wachezaji walivaa mavazi ya kijeshi, wakajipa vyeo vya jenerali na kapteni, wakapiga gwaride kwa tarumbeta na ngoma. Wapo walioona pale uigaji wa mzungu tu. Sisi tunaona jambo zaidi. Mtu aliyeburutwa na gwaride la wengine alilichukua gwaride lile akalifanya mchezo wake, na ndani ya mchezo akapata nafasi ya kusema aliyoyaona. Tena vyama vya beni vilizika maiti, vikasaidia wagonjwa na kupokea wageni waliokuja mjini kutafuta kazi. Ndiyo maana serikali ya kikoloni ilipochunguza mgomo wa wachimba shaba wa Rhodesia ya Kaskazini mwaka 1935, ilivichunguza pia vyama vya ngoma hiyo. Wakoloni walielewa vizuri kwamba penye ngoma ya wafanyakazi pana umoja wa wafanyakazi.

Hapa msomaji anaweza kutuuliza: mbona nyimbo zinazopendwa zaidi katika Cabo Delgado ni za vita yenyewe, si za kuikataa? Swali hilo ni la haki. Tarehe 16 Juni 1960 watu waliouawa Mueda walikuwa wamekwenda kusikiliza jibu la mkoloni, si kupigana. Tarehe 25 Septemba 1964 mapigano ya ukombozi yakaanza, na shambulio la Chai likawa la kwanza katika historia ya FRELIMO. Tangu hapo, katika kambi ya Nachingwea nchini Tanzania na katika maeneo yaliyokombolewa, kwaya ziliimba kwa Kimakonde, Kiswahili, Kireno na lugha nyingine. Nyimbo zile ziliwaita watu kwenye mapambano. Hatuna haja ya kuzipaka rangi nyingine leo.

Hata hivyo, tukitazama kwa nini ziliwagusa watu, tunarudi pale pale. Tangu 1938 mkulima wa kaskazini alilazimishwa kulima pamba na kuiuza kwa bei ambayo hakuipanga yeye. Kazi ya shuruti, iliyoitwa chibalo, haikufutwa katika sheria mpaka 1961. Walioweza kukimbia walivuka Ruvuma wakaenda kukata mkonge Lindi, Mtwara na Tanga, au kupakua meli bandarini. Wafanyakazi wa Kimakonde wa Tanganyika na Kenya ndio waliokuwa nguvu ya MANU, mojawapo ya vyama vitatu vilivyoungana mwaka 1962 kuunda FRELIMO. Mtu aliyechapwa kwa ajili ya pamba aliposikia pamba inatajwa katika wimbo, alijua kwamba wimbo ule ni wake. Kabla hajaambiwa habari za taifa, alikuwa ameambiwa habari za mgongo wake mwenyewe.

Pamoja na nyimbo hizo tusisahau mapiko. Ngoma hiyo ya Wamakonde asili yake ni jandoni, na mvaaji wa barakoa alikuwa mwanamume. Lakini wachongaji hawakuishia kwenye sura za mizimu. Walimchonga mkoloni pia, na uwanjani watu wakamcheka mtu yule yule ambaye mchana walimvulia kofia. Nao wanawake wa Nangade, Mueda na Muidumbe wakawa na barakoa yao, lingundumbwe, wakacheza mahali ambapo hapo zamani hawakuruhusiwa. Twasema kicheko cha namna hii ni sehemu ya wimbo wa kukataa vita. Bunduki hutaka iheshimiwe, na mahali ambapo sare imechekwa na kijiji kizima, anayeivaa hupungukiwa na kitu.

Uhuru ulipatikana tarehe 25 Juni 1975. Miriam Makeba aliupeleka duniani wimbo "A Luta Continua", na jina la nchi yetu likajulikana mpaka kwa watu wasiojua iko wapi. Lakini hapa ndani amani haikukaa. Kuanzia 1977 mpaka makubaliano ya Roma ya tarehe 4 Oktoba 1992, vita vya serikali na RENAMO viliimaliza nchi. Inakadiriwa kwamba watu kama milioni 1 walikufa kwa silaha na kwa njaa. Katika miaka hiyo nyimbo za kwaya za ukombozi ziliendelea kuimbwa katika sherehe, ila kwa mtu aliyechomewa ghala zilianza kusikika kama sare iliyopigwa pasi. Si kwamba nyimbo zilikuwa mbaya. Mzigo ulikuwa umebadilika, na maneno hayakubadilika.

Ndipo zikatoka sauti nyingine. Bendi ya Ghorwane, iliyoanza Maputo mwaka 1983, ilijulikana kwa kusema yanayouma, na Rais Samora Machel mwenyewe ndiye aliyewaita vijana wazuri, jina walilobaki nalo. Huku kaskazini kikundi cha Eyuphuro, kilichoundwa 1981, kilichukua midundo ya pwani na lugha ya Kimakua, na sauti ya Zena Bacar ikaongoza. Sahani yao "Mama Mosambiki" ilitoka mwaka 1990 vita vikiwa bado havijakwisha. Wengi wetu twazipenda kazi hizo, kwa sababu mwimbaji anasikika kuwa ni mmoja wa watu wa foleni ya unga. Hasikiki kama mtu anayewahutubia walio kwenye foleni.

Hata nje ya bara letu kanuni ni hiyo hiyo. Pete Seeger wa Marekani, mwimbaji aliyeimbia vyama vya wafanyakazi tangu ujana wake, alitunga mwaka 1955 wimbo wake mashuhuri wa maua, akichukua mbegu yake kutoka wimbo wa Wakosaki uliotajwa katika riwaya ya Kirusi. Wimbo mzima umejengwa kwa maswali, na kila jibu huzaa swali jingine. Hakuna hotuba ndani yake. Bob Marley naye mwaka 1976 alichukua hotuba ya Mfalme Haile Selassie, aliyoitoa Umoja wa Mataifa tarehe 4 Oktoba 1963, akaitia muziki, na wimbo ukaitwa "War". Hotuba hiyo iliitaja Msumbiji kwa jina. Maneno ya mfalme yaliyosemwa kwa mabalozi yakawa ya makuli na watoto wa mitaani kwa sababu yalitaja mahali na yalitaja dhuluma yenyewe. Lakini mwaka huo huo wa 1976 Bob Dylan, ambaye dunia inamfahamu kwa nyimbo za kukataa vita, alitoa wimbo wenye jina la nchi yetu, nao ni wimbo wa mapumziko na mapenzi ufukweni. Hatumchukii kwa hilo. Tunasema tu kwamba jina kubwa halitoshi, na kwamba ufukwe wetu ukiimbwa bila mvuvi unakuwa picha ya kutangaza hoteli.

Sasa tuje kwenye vita vya leo. Siku ya Amani ya mwaka 2017 ilikuwa haijapoa, usiku wa kuamkia tarehe 5 Oktoba, Mocímboa da Praia iliposhambuliwa. Mwezi Agosti 2020 mji huo ulitekwa, ukakaa mikononi mwa waasi mwaka mzima mpaka majeshi ya Rwanda na ya serikali yalipouingia Agosti 2021. Tarehe 24 Machi 2021 ikawa zamu ya Palma. Miongoni mwa waliokufa na waliokimbia walikuwemo wajenzi, wapishi na madereva wa makampuni ya kandarasi waliokuja kwa ajili ya mradi wa gesi wa Afungi. Mwezi uliofuata kampuni kubwa ilisimamisha mradi kwa sababu ya vita, na ajira zikakatika. Mwaka 2025 ilitangaza kuiondoa hali hiyo. Kati ya tarehe hizo mbili kuna miaka zaidi ya minne. Katika vitabu vya kampuni miaka hiyo ni gharama. Katika nyumba ya fundi mwashi ni watoto walioacha shule.

Mvuvi naye ana hesabu yake. Wengine walikuwa wamekwisha kuhamishwa ufukweni kupisha mradi, wakajengewa nyumba Quitunda, mbali na ngalawa zao. Vita vilipokuja, maelfu walikimbilia hapo hapo Quitunda kutafuta usalama. Wengine walipanda mashua wakateremka kusini mpaka Paquitequete, mtaa wa wavuvi wa Pemba, ambako wenyeji waliwapokea nyumba moja watu ishirini. Mashua iliyotengenezwa kwa ajili ya samaki ikabeba magodoro, wazee na wajawazito. Mwenye kutaka kutunga wimbo wa kukataa vita vya Cabo Delgado aanzie hapo, ndani ya mashua hiyo.

Na wanaouanzia hapo wapo. Ni akina mama wa tufo. Ngoma hii, ya ukoo mmoja na maulidi na dufu, iko katika pwani yetu na ya Nampula tangu zamani. Wanawake hujipanga mistari, wamevaa sare ya kanga moja na kujipaka msiro usoni, mmoja anaongoza na wote wanaitikia. Vikundi vya tufo vimeimba harusi, dini, uhuru, chanjo na uchaguzi. Ndugu zetu waliohamia Pemba na Metuge wanajua kwamba kikundi kilichovunjwa na vita hujikusanya tena mapema kuliko ofisi yoyote. Na zinapoimbwa habari za vita, hutajwa vitu vya kushikika: bamvua iliyopita bila mtu wa kuokota chaza, kinu kilichoachwa, kaburi lisilosomewa, mtoto wa fulani aliyeonekana mara ya mwisho njia ya Macomia. Mgeni asiyejua Kimwani anaweza kufikiri ni wimbo wa furaha, kwa maana mabega yanacheza. Lakini mabega hayo ndiyo yaliyobeba, na muitikio ni ushahidi. Kila anayeitikia anathibitisha kwamba jambo hilo lilitokea na yeye alikuwepo.

Wapo wanaotupinga. Wa kwanza husema kwamba wimbo hauzuii risasi. Ni kweli, hauzuii. Lakini risasi ikishapita, lazima mtu aseme nani alikufa na kwa nini, la sivyo watasema wengine kwa niaba yake. Wa pili husema kwamba nyimbo za majina na maumivu hutonesha vidonda, heri ziimbwe za umoja tu. Hao tunawajibu kwamba kidonda kilichofunikwa bila kuoshwa huoza. Umoja wa watu ambao hawakuruhusiwa kulia ni umoja wa uwanjani, hauvuki siku ya sherehe.

Tena kuna swali gumu ambalo nyimbo nzuri hazilikwepi. Vijana wengi walioingia msituni na mapanga na bunduki walitoka nje ya nchi? Hapana. Wengi ni watoto wa pwani hii, wavuvi na wachuuzi wasio na mtaji, waliomwona tajiri akipita na rubi ya Montepuez na gesi ya Palma huku wao wakifukuzwa. Hatusemi hayo ili kumsafisha muuaji. Aliyemchinja jirani yake ni muuaji, na dini aliyojivika haimsaidii. Tunasema kwamba mama anayeimba swali la kijana wake alipotelea wapi, na nani alimdanganya, anauliza swali ambalo serikali, makampuni na masheikh wote wanatakiwa kulijibu. Wimbo wa amani unaokatazwa kuuliza swali hilo ni usingizi.

Kuimba na kusema kunahitaji chombo, na chombo kikubwa cha huku ni redio za jamii. Mtangazaji wa redio ya jamii ya Palma, Ibraimo Mbaruco, alitoweka tarehe 7 Aprili 2020. Alikuwa mfanyakazi kama sisi, na kazi yake ilikuwa sauti. Kila tunapozungumza habari za nyimbo na amani hatuna budi kumtaja, na kuendelea kudai majibu kwa ajili ya familia yake.

Kwa hiyo basi tunapendekeza mambo manne kwa matawi yetu yote.

Kwanza, kikundi cha ngoma kinachoitwa kwenye sherehe kilipwe. Soda na nauli si malipo. Historia inatufundisha kwamba jambo hili linawezekana: huko Tanzania chama cha wafanyakazi kiliunda bendi yake, NUTA Jazz, mwaka 1964, na wanamuziki wakawa waajiriwa wenye mshahara. Bendi ile ikawa Juwata Jazz, kisha OTTU Jazz, na leo watu wanaiita Msondo Ngoma. Imeishi kuliko majina yote ya chama kilichoizaa. Mcheza tufo anayefunga biashara yake ya vitumbua siku nzima kuja kucheza mbele ya wakubwa amefanya kazi, na kazi ina ujira wake.

Pili, matawi yasiwaandikie akina mama maneno. Tumeona desturi ya kupeleka karatasi yenye kaulimbiu siku mbili kabla ya sherehe ili kikundi kiitie ngoma. Karatasi hiyo ndiyo inayoua wimbo. Kiongozi wa tufo anajua kutunga, na waitikiaji wake wanajua kusahihisha.

Tatu, nyimbo zirekodiwe sasa, kwa Kimwani, Kimakonde, Kimakua na Kiswahili, katika kambi, katika vijiji vya kuhamia na katika miji waliyorejea watu. Ziandikwe pamoja na jina la mtungaji akikubali, mahali na mwaka, na nakala abaki nayo mwenyewe. Wazee walioimba Nachingwea wanaondoka mmoja mmoja. Nyimbo za wapagazi wa 1917 kwa sehemu kubwa zimekwenda na wapagazi wenyewe, kwa sababu hakuna aliyedhani zina thamani. Tusirudie hasara hiyo kwa waliopita Paquitequete.

Nne, katika mikutano yetu ya Mei Mosi, kabla ya hotuba yoyote, uimbwe wimbo mmoja wa waliopoteza kazi na ndugu kwa vita hivi, na viongozi wakae chini wasikilize mpaka mwisho. Ukiwa mrefu, ipunguzwe hotuba.

Hatudanganyani kwamba kwa kufanya haya bunduki zitanyamaza kesho. Kazi hiyo inataka ajira, ardhi, haki na askari wasioogopwa na raia. Lakini siku madai hayo yatakapowekwa mezani, yatahitaji watu wanaokumbuka kwa usahihi walichonyang'anywa, na kumbukumbu hiyo kwa sasa haiko katika faili lolote. Iko kwa wanawake wanaoitikia. Tawi litakalofika kwao na kinasa sauti kabla ya msimu wa kusi litakuwa limefanya kazi ya chama.